Kazi Iliyofanana na Uvivu: Kisa cha Ng'ombe Watatu wa Njoro

Ijumaa jioni ya tarehe 14 Juni 2024 nilishuka kwenye matatu pale Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, nikiwa na daftari, kilo mbili za sukari na majani ya chai, kama inavyompasa mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Yeye ndiye aliyeniita. Hakutaka pesa. Alitaka nimpigie hesabu, kwa kuwa mimi hapa Nakuru mjini nala kwa jasho la hesabu za vyama vya akiba, na za kwake zilikuwa zimemshinda. Anaamka kabla ya jogoo, analala wa mwisho nyumbani, ana ng'ombe watatu wakubwa na mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, na siku aliyonipigia simu alikuwa amempelekea mnunuzi lita tisa za maziwa. Ng'ombe watatu, lita tisa.

"Mwanangu, niongeze nini?" aliniuliza tukiwa bado mlangoni.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake na jina lake nimeliacha. Ng'ombe hawakuweka masharti: ni Tulia, Sukari na Zawadi, wote machotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa.

Siku moja, nusu saa kwa nusu saa

Nilikuwa nimekuja tayari kufungua vitabu vyake, kisha nikaona vitabu vingoje. Jumamosi nzima nilimfuata nyuma nikiandika kila nusu saa anafanya nini. Alicheka, akasema nimekuwa kama askari kanzu, lakini aliniacha.

Saa kumi na nusu alfajiri alikuwa jikoni anakanda unga wa mandazi. Saa kumi na moja na robo alikwenda kukamua. Njoro iko juu ya mita 2,000 na mwezi wa Juni baridi yake si ya mchezo. Vidole vyangu vilishindwa kushika kalamu wakati yeye akivuta chuchu kama anayefungua bomba. Saa kumi na mbili pikipiki ya maziwa ilipiga honi. Saa kumi na mbili na nusu mandazi yakaenda kwenye kibanda cha jirani. Kisha kuku sitini wa mayai. Kisha sungura. Kisha akakata nepia, nyasi ya kulisha ng'ombe, na kuipitisha kwenye mashine pamoja na kijana wake wa kazi, akateka maji, akazoa mavi, akamwagilia sukuma wiki, akaenda sokoni na trei tatu za mayai. Saa nane mchana alikuwa kwenye mkutano wa chama, ambako yeye ndiye mweka hazina. Saa kumi na nusu jioni akakamua tena. Kijana wa kazi aliondoka saa kumi na moja. Shangazi alikaa chini kwa mara ya kwanza, namaanisha kukaa kwenye kiti akaegemea, saa mbili na dakika kumi usiku, na hata hapo alikuwa anachambua maharagwe.

Karibu saa kumi na sita za kazi. Katika hizo, karibu saa nne zilikuwa ndani ya zizi. Kwenye daftari kuna mstari mmoja nilioandika bila kuufikiria: "Saa 11.20 alfajiri, Zawadi kapiga ndoo teke, maziwa kidogo. Shangazi: leo huyu ana kiburi." Mstari huo nitaurudia.

Mlango wa stoo

Baada ya chakula nikamwomba rekodi za ng'ombe. Akachukua tochi, akanipeleka kwenye stoo ya chakula cha mifugo, akaufunga mlango ili nione upande wa ndani. Rekodi zilikuwa pale, kwa makaa, juu ya mbao: Tulia kazaa 11/2/23. Sukari 5/5/23. Zawadi 9/10/23. Chini yake, kwenye msumari, zilining'inia stakabadhi za mtu anayekuja kupandisha mbegu kwa mrija. Zilikuwa tatu tu. Tulia, tarehe 24 Oktoba 2023. Sukari, 12 Desemba 2023. Zawadi, 3 Februari 2024.

Asiyefuga avumilie kidogo, kwa sababu kisa chote kimelala hapa. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi. Ukitaka azae kila mwaka, na huko ndiko maziwa yanakotoka, inabidi ashike mimba tena kama siku 80 baada ya kuzaa. Maziwa hupanda kwa wiki sita hadi nane za kwanza, yanafika kileleni, halafu yanashuka polepole mpaka yanakuwa ya kulamba. Ng'ombe aliyechelewa kushika mimba hutembea miezi mingi kwenye huo mteremko, anakula kama wenzake lakini ndoo haijai. Na hawezi kushika mimba siku yoyote utakayo wewe. Huja kwenye joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 kwa wastani, 18 hadi 24 kwa ng'ombe wengi, na joto lenyewe halimalizi siku nzima. Dalili ya kuaminika ni moja: anasimama tuli mwenzake anapompanda. Kila kusimama ni sekunde chache tu, na wengi hufanya hivyo usiku na alfajiri. Ukikosa kuona, umekosa. Rudi baada ya siku 21.

Basi nikahesabu kwa mwanga wa tochi. Tulia alipandishwa siku 255 baada ya kuzaa, akashika mara hiyo hiyo. Ng'ombe aliyeshika kwa mbegu ya kwanza si rahisi awe na ugonjwa wa uzazi. Alichelewa kwa sababu hakuna aliyemwona. Toa zile siku 80, zinabaki 175, yaani joto nane zilipita. Sukari alipandishwa siku ya 221, naye akashika mara moja: sita au saba zilipita. Zawadi alipandishwa Februari, hakushika, na tangu hapo hakuna aliyemtazama kama amerudi kwenye joto. Angalau mara tano.

Jumla inakaribia ishirini. Karibu mara ishirini ng'ombe wa Shangazi walisema wako tayari, naye alikuwa palepale zizini, kichwa ubavuni mwa ng'ombe mwingine, au ameinama na beleshi, au anakimbilia honi ya pikipiki.

Hakuwa mvivu na hakuwa mjinga. Dalili za joto alizijua kuliko mimi. Alinitajia hata ute na mlio wa ng'ombe anayetaka dume. Alichokosa ni dakika za kusimama bila kufanya kitu.

Nilimwonyesha zile hesabu. Alinyamaza, akapitisha kidole juu ya tarehe ya Tulia mpaka makaa yakafutika kidogo.

"Kwa hiyo niongeze nini?" akauliza tena.

Mambo yanayolia na mambo yasiyolia

Hapa niseme maoni yangu, na wafugaji wenzake wananibishia. Siku ya mtu mwenye bidii hupangwa na vitu vinavyolia. Kuku wakikosa chakula watapiga kelele. Pikipiki itapiga honi. Mwenye kibanda atapiga simu kuuliza mandazi. Wanachama watatuma ujumbe. Ng'ombe kwenye joto hulia pia, wengine, lakini analia kwa saa chache halafu ananyamaza wiki tatu, na hasara yake huioni jioni hiyo. Utaiona baada ya mwaka mzima, ikiwa imevaa nguo nyingine: utasema ni chakula kibaya, ni bei ya unga, ni jirani mwenye jicho.

Wakufunzi wa semina hupenda kumtaja Vilfredo Pareto, yule Mwitalia, na kanuni ya 80 kwa 20 iliyopewa jina lake na Joseph Juran: sehemu ndogo ya kazi huzaa sehemu kubwa ya matokeo. Sina ugomvi nayo. Ila haikuambii sehemu hiyo ndogo ni ipi. Shangazi angeulizwa kwenye semina angetaja kukamua, maana ndiko maziwa yanakoonekana yakitoka. Ilibidi mlango wa stoo useme.

Ubishi

Nilipendekeza kigoda. Akae zizini dakika 20 alfajiri kabla ya kukamua, na dakika 30 usiku saa tatu, wakati ng'ombe wametulia. Asikamue, asizoe, asishike simu. Atazame tu.

"Mimi nikae nitazame ng'ombe kama sinema?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na jirani akipita?"

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Amekuwa mjane miaka mingi, na heshima yake pale kijijini imejengwa juu ya kutokaa. Watu husema "mama yule, hata umkute saa ngapi, ana kitu mkononi." Kumwambia akae mikono mitupu mbele ya zizi ni kumwambia avue kanga barabarani. Nilielewa kwamba zile dakika hamsini alikuwa nazo siku zote. Aliziona tu kuwa za aibu. Mwishowe tukakubaliana kwamba atashika kikombe cha chai. Mtu mwenye kikombe anakunywa chai, hakai bure.

Ugumu wa pili ulikuwa kuamua nini kitoke, maana alfajiri yake ilikuwa imejaa. Mandazi yalimletea kama shilingi 120 kwa siku baada ya unga na mafuta, na yalikula saa moja na nusu, ile saa hasa ya alfajiri. Yakatoka, kwa huzuni, aliyapenda. Sungura kumi na wanne walikuwa wamekula miezi minne bila mmoja kuuzwa. Wakatoka bila huzuni, wengine kupitia sufuria. Kuku nilitaka watoke pia, nikakosea: alinionyesha kwamba pesa ya mayai ndiyo inayomlipa kijana wa kazi, wiki kwa wiki, na kijana akiondoka nepia inamrudia yeye. Kuku wakabaki. Chama nacho kikabaki, ingawa aliomba mtu mwingine ashike hazina.

Kitu kimoja zaidi tulifanya, na ninashuku kilisaidia kama kigoda chenyewe. Sakafu ya zizi ilikuwa simiti laini iliyolowa. Ng'ombe anayeogopa kuteleza hampandi mwenzake, kwa hiyo hata ungekaa usiku kucha huoni kitu. Akaagiza magunia ya maranda kutoka kwa wapasua mbao wa Elburgon, akatandaza sehemu ya kutembelea.

Mstari wa kwenye daftari

Jumamosi iliyofuata, tarehe 22 Juni, alimwita daktari wa mifugo ampime Zawadi, kuhakikisha hana kasoro. Mimi nilikuwa Nakuru, nikasikia kwa simu. Daktari alimpima kwa mkono akasema mfuko wa uzazi ni mzima, na kwamba kwenye kifuko kimoja cha mayai amekuta alama ya ng'ombe aliyepita kwenye joto yapata wiki moja iliyopita.

Wiki moja. Nilifungua daftari. Tarehe 15 Juni, saa 11.20 alfajiri: kapiga ndoo teke, maziwa kidogo, ana kiburi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kalamu mkononi, nimetumwa mahsusi kutafuta nini kinapotea. Nimeliandika joto la Zawadi kwa mkono wangu na sikuliona. Nilimweleza Shangazi. Alicheka mpaka akakohoa.

Lakini sasa tulikuwa na tarehe. Kwenye kalenda ya ukutani aliyopewa na agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, akazungushia duara tarehe 3 hadi 9 Julai. Jumamosi ya tarehe 6 Julai, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, simu yangu ililia. Alikuwa ananong'ona, kana kwamba ng'ombe angemsikia abadili nia.

"Amesimama. Mtamba amempanda naye amesimama tu. Mara tatu."

Anayeonekana asubuhi hupandishwa jioni. Mpandishaji alifika saa kumi, akalipwa 1,500. Duara jipya likachorwa mwisho wa Julai. Shangazi alikaa na kikombe chake siku zote saba za duara lile, na Zawadi hakufanya lolote. Septemba daktari akathibitisha mimba.

Miezi iliyofuata

Katikati ya Novemba 2024 Shangazi alikuwa anakamua lita 35 kwa siku. Majirani walianza kuuliza siri, na mmoja aliambiwa kwamba kuna mpwa wa mjini aliyeleta dawa. Naomba nisipewe sifa isiyo yangu. Tulia alizaa tarehe 2 Agosti na Sukari tarehe 20 Septemba. Mimba zote mbili zilikuwepo kabla sijashuka kwenye matatu. Maziwa yale yangekuja hata kama tungekuwa tumekula sungura na kulala. Anayepima kazi hii kwa ndoo ya leo atadanganyika mara mbili: atajisifu wakati hajafanya kitu, na atakata tamaa wakati anafanya sawasawa.

Kipimo chenye maana ni siku kati ya kuzaa na kuzaa, na hicho kinakwenda kama kobe. Tulia, kutoka Februari 2023 hadi Agosti 2024, alitumia siku 538. Baada ya hapo Shangazi alimwona kwenye joto tarehe 21 Septemba, akamwacha kwa kuwa ilikuwa mapema mno. Akampandisha 12 Oktoba, hakushika. Zamani safari ingeishia pale hadi mtu akumbuke. Sasa duara lilikuwepo, tarehe 2 Novemba alionekana amerudi, akapandishwa siku hiyohiyo, akashika. Alizaa tarehe 10 Agosti 2025. Siku 373.

Zawadi alizaa 14 Aprili 2025, siku 553 tangu alipozaa mara ya mwisho, mbaya kuliko hata Tulia wa kwanza, kwa sababu deni lilikuwa limeshaliwa kabla hatujaanza kulipa.

Sukari alitushinda. Alipozaa, kondo la nyuma lilikwama, mfuko wa uzazi ukaingia uchafu, na matibabu yakachukua miezi. Shangazi alikaa kwenye kigoda usiku baada ya usiku akitazama ng'ombe ambaye hakuwa na la kuonyesha. Alipandishwa Februari 2025, siku ya 141. Kutazama hakumtibu. Kulisaidia kwa jambo moja: daktari aliitwa mapema, kwa sababu ilijulikana kwamba hali haikuwa ya kawaida.

Gharama pia zilipanda, nisizifiche. Ng'ombe wanaotoa maziwa hula. Bili ya chakula cha dukani karibu iongezeke maradufu, na kuna mwezi alinilaumu kwamba nimemfanya afanye kazi kidogo na kulipa zaidi. Tulipiga hesabu, maziwa yakiwa shilingi 45 kwa lita, akabaki na faida, ila si ile kubwa aliyokuwa ameiota alipoona lita 35.

Jambo ambalo bado halijatatuliwa ni kwamba macho yote ni yake. Oktoba 2025 alikwenda Busia kwenye matanga, siku nne. Mtamba, ambaye kwa wakati huo alikuwa ng'ombe kamili wa kuzaa mara ya kwanza, alikuja kwenye joto katikati ya duara lake, na hakuna aliyekuwa pale saa tatu usiku. Kijana wa kazi huondoka saa kumi na moja jioni. Siku 21 zikaenda.

Aliporudi alimwita kijana, akamkalisha kwenye kigoda, akamweleza dalili moja baada ya nyingine. Kijana alikuwa na wasiwasi uleule: kwamba mwajiri atamkuta amekaa na kusema analala kazini. Sasa analala kwenye chumba cha nje siku ambazo Shangazi hayupo, na kwa kila joto atakaloliona kabla yake anapata shilingi 200. Mpaka Desemba alikuwa ametangaza mawili. La kwanza lilikuwa kweli. La pili, mpandishaji alifika akakuta ng'ombe hana dalili yoyote, ikawa safari ya bure.

Alilipwa yote mawili. Nilipouliza kwa nini, Shangazi alisema hataki aanze kunyamaza.